Fumbo la Saa Nne

Basi la Dar es Salaam lilikuwa limechelewa, na basi likichelewa posta ya Bagamoyo hugeuka soko. Wenye barua, wasio na barua, wauza karanga, na wale wazee watatu ambao hawajaandikiwa barua na mtu tangu vita vya Mjerumani, wote walijibana barazani wakilisubiri furushi la magazeti. Wengi wao hawakuwa na haja ya habari. Walitaka Fumbo la Maneno la Mwenge wa Pwani, lililotoka kila siku isipokuwa Jumapili, na kila siku na mada yake: Jumatatu vyombo vya jikoni, Jumanne bahari, Jumatano mavazi, hivyo hivyo mpaka wiki iishe. Majibu na maelezo yake yalichapishwa kesho yake, lakini nani wa kungoja kesho? Bagamoyo walikuwa na Mrisho.

Mrisho alikuwa karani wa posta, kijana wa Lugoba mwenye umri wa miaka thelathini kasoro miwili, mrefu, kaptula nyeupe imenyooka kwa pasi ya makaa, soksi zimepandishwa hadi magotini. Serikali ilimlipa kwa kazi mbili: kugonga mihuri ya tarehe juu ya bahasha, na kuunganisha simu za mji mzima, ambazo wakati huo zilikuwa kumi na moja tu. Kazi ya tatu aliifanya bure. Gazeti likifika, alilitandaza dirishani, akachonga penseli, akasoma fumbo kwa sauti, na kila neno lililopatikana akalieleza mpaka hata wasiojua kusoma wakaondoka wameridhika.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa Juni, mwaka 1957, fumbo lilimkwamisha.

"Sita ya kulala," alisoma. "'Kijiko kisichotoka kiwandani, bakuli lake lilijaa maji kabla halijaona mchuzi.' Herufi tano."

"Mwiko!" walipiga kelele watu wanne kwa pamoja.

"Mwiko ni herufi tano, sikatai. Lakini herufi ya kwanza lazima iwe U, maana ungo umekwisha kusimama hapa. Na mwiko una bakuli gani? Mwiko ni bapa."

"Basi gazeti limekosea," alisema mzee mmoja, naye alishakasirika.

"Upawa," ilisema sauti ya mwanamke.

Watu waligeuka. Alisimama nyuma kabisa, karibu na nguzo, ndani ya buibui la zamani lililopauka kwenye mabega. Hakuwa na wanja, hakuwa na hina, wala hakunukia udi. Mji mzima ulijua maana ya ukavu ule. Alikuwa Mize, mjane wa Mwalimu Mwinyimvua, aliyezikwa wiki mbili na siku kadhaa nyuma, na pembeni yake alisimama shangazi yake, Bi. Sihaba, amekunja uso kwa aibu ya mpwa wake kupaza sauti mbele ya wanaume.

Mrisho aliandika herufi moja moja. Zikaenea. "Upawa," alisema taratibu. "Kifuu cha nazi kimetiwa mpini. Kilikuwa na maji ya dafu kabla hakijateka mchuzi. Jamani, wanaume kumi na tano tumeshindwa na kitu tunachopakuliwa nacho kila siku!"

Watu walicheka, naye Mize alicheka kidogo ndani ya buibui, na yule karani hakuona ila macho yakipunguka ukubwa. Yalimtosha. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wanaodai kwamba mapenzi huhitaji uso mzima.

Mize alikuja kutia saini barua ya rejesta ya marehemu. Fomu ilitaka tarehe ya kifo.

"Shikamoo, Bi. Sihaba," Mrisho alimwamkia shangazi kwanza, kwa adabu.

"Marahaba, mwanangu. Fanya haraka, huyu yumo edani, hapaswi kuzurura."

"Marehemu alifariki lini?"

"Alfajiri ya Alhamisi, mwezi nane Mfunguo Pili," alijibu Mize.

"Nipe kwa tarehe za posta."

"Hizo mnazijua nyinyi."

Mrisho aligeukia kalenda iliyotundikwa ukutani, akahesabu Alhamisi kwa kidole, akaandika: 6 Juni. Akagonga muhuri. Kuanzia hapo tarehe sita Juni ilimkaa kichwani na haikutoka.

"Bibi," alimwambia, "ulijifunzia wapi mafumbo?"

"Mwalimu alikuwa akisoma, mimi najibu. Kila siku, miaka sita."

"Sasa nani anakusomea?"

"Najisomea. Lakini fumbo la mtu mmoja halina ladha." Akavuta buibui, akamfuata shangazi yake. Mrisho akampa mtu wa kwanza kwenye foleni barua ya mtu wa pili.

Nyumba aliyokuwa akikaa Mize na shangazi yake ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe. Mkuu wa nyumba sasa alikuwa Sadallah, mdogo wake Mwalimu, mfanyabiashara wa kanga, mtu wa miaka hamsini, mnene, mcheshi, aliyefiwa na mke miaka mitatu nyuma. Sadallah alikuwa na simu, namba saba, naye aliiweka ukumbini nyumbani badala ya dukani, kwa sababu dukani kila mteja angeiazima. Asubuhi alikwenda dukani na simu ikabaki na wanawake.

Kesho yake, saa nne kamili, simu namba saba ililia. Bi. Sihaba aliishika kama anayeshika kaa.

"Halo! Nani?"

"Ni Mrisho wa posta, Bi. Sihaba. Shikamoo."

"Marahaba. Barua nyingine?"

"Hapana. Ni kuhusu fumbo la jana. Mwambie bibi kwamba ile tisa ya kusimama ilikuwa kinu. Yeye labda aliandika kisu."

Bi. Sihaba aligeuza shingo. "Mize! Ati uliandika kisu?"

"Niliandika kinu!" Mize alijibu kutoka ngazini. "Mwambie kisu hakitwangi, na kidokezo kilisema 'hupigwa kutwa wala hakilii'."

"Anasema kisu hakitwangi."

"Mwambie leo ni bahari, na mimi ni mtu wa bara, nimekwama neno la pili tu."

"Ah! Mimi si waya wa simu," alisema Bi. Sihaba, akamkabidhi mpwa wake chombo na kukaa kwenye kiti hatua mbili tu, tasbihi mkononi, masikio wazi.

Ndivyo lilivyoanza fumbo la saa nne. Dini inakataza mwanamke aliye katika eda kuposwa; wanazuoni wameruhusu kumdokeza kwa mbali, lakini kumtamkia wazi hapana. Kuhusu simu vitabu havikuwa na mlango wowote. Hivyo walizungumza mafumbo tu, na Bi. Sihaba alikuwa shahidi. Lakini nani asiyejua kwamba watu wawili wanaweza kuzungumza habari ya nyavu na nanga kwa nusu saa na wasiwe wanazungumza habari ya nyavu na nanga?

"'Nyumba ya shambani isiyo na kuta, mwenyewe hupigana na ndege,'" alisoma Mrisho Alhamisi moja ya Julai, siku ya mada ya kilimo. "Herufi tano, Bi. Mize."

"Kibanda?"

"Kibanda ni saba. Wewe wa mjini kweli."

"Basi nielimishe, Bwana Herufi."

"Dungu. Unajenga jukwaa juu ya miti, unapanda, unakaa na kombeo, ndege wakija kwenye mtama unawatupia. Mimi nimekulia juu ya dungu. Mama alikuwa akiniletea uji huko huko."

"Ukilala?"

"Ndege wanakula, na mjomba Pazi anakuja na fimbo."

Mize alicheka mpaka Bi. Sihaba akakohoa. Siku hiyo ilikuwa ya arobaini na mbili ya eda yake kwa hesabu ya shangazi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikula wali wake wote. Mwalimu alikuwa mume mwema aliyemzidi umri kwa miaka thelathini na tano, na alimlilia kwa haki. Lakini hakuwahi kuingoja sauti yake kama alivyoingoja hii. Usiku alijisuta kwa hilo, na asubuhi saa tatu na nusu alikuwa amekwisha kukaa ngazini.

Mrisho naye alikuwa amepotea kabisa. Alikosea kuunganisha simu. Mkuu wa wilaya aliomba hospitali akapewa duka la baiskeli. Ukutani, kwenye kalenda ya posta, alihesabu miezi minne kutoka tarehe sita Juni, akaongeza siku kumi, akazungushia penseli tarehe 16 Oktoba, siku ya Jumatano. Siku hiyo eda ingekwisha. Kesho yake asubuhi angekwenda kumposa, kabla mtu mwingine hajapata hata nafasi ya kuvaa viatu.

Hapo ndipo ninapomlaumu. Mrisho alizaliwa Mwislamu, alifunga Ramadhani kwa mwezi na kufungua kwa mwezi. Mtoto wa chuoni angemwambia kwamba eda huhesabiwa kwa mwandamo wa mwezi, na kwamba miezi minne ya mwezi ni mifupi kuliko miezi minne ya kalenda. Lakini miaka tisa ya kugonga 'Juni' na 'Julai' na 'Agosti' juu ya bahasha humlevya mtu. Kwake siku ilikuwa kitu kilichoandikwa kwenye muhuri. Eda ya Mize ilikuwa inakwisha Jumapili, tarehe 13, siku tatu kabla ya duara lake la penseli.

Mwezi wa Septemba alimtumia fumbo alilolitunga mwenyewe. Alichora miraba kwa rula kwenye karatasi ya telegramu, akaandika mada juu: Mila za Nyumbani. Bi. Sihaba alilileta amelikunja ndani ya kanga. Mize alikaa nalo dirishani.

"'Hufungwa kichwani, lakini baba wa binti hukipokea mkononi,'" alisoma. Akaandika kilemba. "'Humfunga mama kiuno kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kukua.'" Akaandika mkaja. "'Siku saba bila kupika.'" Akaona haya, akaandika fungate.

"Linasemaje?" aliuliza Bi. Sihaba.

"Ni mila tu, shangazi."

"Mila tu," alirudia Bi. Sihaba. "Mbona masikio yamekuwa mekundu kwa mila tu?"

Saa nne simu ililia.

"Umelifumbua?" aliuliza Mrisho.

"Lote. Lakini mtungaji ni mvivu. Kila neno lina maelezo isipokuwa moja. Mraba wa katikati una namba, hauna kidokezo."

"Huo haujazwi kabla ya wakati wake."

"Na wakati wake ukifika, nani atanieleza?"

"Watakuja watu wazima kukueleza. Si mimi."

Bi. Sihaba aliacha kuvuta tasbihi. "Mtungaji," alisema Mize, "asije akachelewa."

"Siku yenyewe naijua."

"Hata mimi naijua."

Hakuna aliyeitaja. Mrisho aliogopa kuvunja amri ya Mungu kwa kutamka, na Mize aliona haya ya mwanamke kumpangia mwanamume siku ya kuja kumposa. Neno moja tu, Jumapili, lingetosha. Nikikumbuka hapo natamani kuingia ndani ya ule waya niwapigie kelele.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba, Mrisho alipiga simu mara ya mwisho kabla ya safari.

"Nitakuwa kimya siku chache, Bi. Mize. Nina jambo kwetu."

"Jambo jema?"

"Jema kuliko yote. Tutaonana siku yenyewe."

"Inshallah," alisema Mize, na moyo wake ukajua kwamba siku yenyewe ni keshokutwa. Kwa watu wa Mrisho mposaji ni mjomba, si baba, na bila mjomba Pazi hakuna posa. Ilibidi amfuate Lugoba mwenyewe, kwa lori la mkaa kupitia Fukayosi na Msata, na kwa hesabu yake alikuwa na siku za kutosha hata za kumnunulia mzee viatu.

Jumapili jua lilipokuchwa, Bi. Sihaba alimwogesha mpwa wake, akamvua nguo za eda na kuzigawa sadaka. Mize alipakwa wanja. Alivaa kanga mpya za rangi ya machungwa, akafukizwa udi, akashuka ukumbini akakaa karibu na simu.

"Posta imefungwa leo," shangazi alimkumbusha.

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Sijui. Nataka kukaa hapa."

Jumatatu saa nne simu haikulia. Saa tano haikulia. Bi. Sihaba alitupa ushungi kichwani akaenda posta. Dirishani alimkuta Muhidini, karani wa zamu, kijana mwenye maneno mengi na akili ya kawaida.

"Mrisho yuko wapi?"

"Kwao Lugoba, Bi. Sihaba. Amekwenda kwa mambo ya posa. Kanunua kilemba kipya cha hariri, na mkaja, na halwa ratili nne! Tulimuuliza bibi harusi ni nani, hasemi. Anacheka tu."

Muhidini hakusema uongo hata neno moja. Mrisho hakumtajia mtu jina la Mize, kwa kuchunga heshima ya mwanamke aliye edani. Bi. Sihaba alirudi nyumbani akitembea polepole sana, na alipofika alimweleza mpwa wake yote, mpaka uzito wa halwa.

"Kwao," alisema Mize. "Anaposa kwao."

"Labda, mwanangu..."

"Labda nini? Kilemba kinapelekwa wapi, shangazi, Lugoba au hapa? Mimi niko hapa." Akavua pete ya kidole kidogo, akaivaa tena. "Alikuwa akinieleza mafumbo. Hakuniambia kitu kingine. Ni mimi niliyejaza mwenyewe."

Alasiri ile ile wakaja watu watatu na shekhe kumposea Sadallah. Sadallah alikuwa amehesabu mwezi kama kila mtu. Aliona si vyema mjane wa kaka yake atoke nyumbani akahangaike, naye alikuwa mpweke, na tangu mazishi alikuwa hajawahi kusema hata neno lisilofaa. Hakuna ambaye angeshangaa ila mmoja, naye alikuwa mbali Lugoba.

"Omba siku saba," Bi. Sihaba alimnong'oneza nyuma ya pazia. "Ni haki yako. Usijibu na hasira moyoni."

"Siku saba za nini? Za kusikia ngoma zikitoka Lugoba?"

Shekhe alieleza kwamba binti mwali hunyamaza na kunyamaza kwake ni kukubali, lakini mwanamke aliyewahi kuolewa lazima atamke kwa ulimi wake. Akauliza. Mize alitazama ile simu nyeusi ukumbini, iliyokaa kimya kama sufuria.

"Nimeridhia," alisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

Ndoa ilifungwa Jumanne baada ya sala ya alasiri, bila ngoma, kama inavyofaa kwa mjane.

Jumatano saa sita mchana Mrisho aliteremka sokoni Bagamoyo na mjomba Pazi na wazee wawili. Alikuwa amevaa kanzu mpya yenye tarizi ya kahawia kifuani. Mjomba Pazi, mkulima aliyekauka kwa jua, alikuwa na viatu vipya vilivyomuuma, lakini alitembea navyo kwa fahari.

"Posa si kesho?" aliuliza mzee.

"Kesho, mjomba. Lakini twende leo tukabishe hodi tu, wajue kwamba watu wapo. Siwezi kulala."

"Wewe umeungua, mwanangu," alisema mjomba, akacheka.

Mlangoni kwa Sadallah walikuta viatu vingi. Ndani palinukia kahawa ya tangawizi na udi. Sadallah mwenyewe alikuja mbio, kofia ya vito kichwani, uso unang'aa.

"Bwana Mrisho! Karibuni, karibuni ndani! Shikamooni wazee!"

"Marahaba," walijibu wazee wa Lugoba, wakakaa mkekani. Wakaletewa halwa. Mjomba Pazi aliona hiyo ni dalili njema, akasafisha koo, akaweka mikono magotini kama ilivyo desturi.

"Sisi tumetoka mbali," alianza, "na mtu hatoki mbali bila haja. Haja yetu imo ndani ya nyumba hii."

"Haja yenu naijua!" Sadallah alimkatiza kwa kicheko. "Ama kweli habari zina miguu, zimefika mpaka Lugoba! Tulioana jana tu, mimi na Mize, mke wa marehemu kaka. Nanyi mmefunga safari kuja kunipa mkono? Wallahi mmeniheshimu."

Mjomba Pazi alimgeukia Mrisho. Wazee wawili nao wakamgeukia. Kipande cha halwa kilikuwa kati ya vidole vyake, na mafuta yalimtiririka mpaka kwenye mkono wa kanzu. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, kikombe au sahani, kikavunjika.

"Jana," alisema Mrisho.

"Eda ilikwisha Jumapili, Jumatatu nikaposa, Jumanne tukamaliza. Ya nini kuchelewa?"

Mrisho alisimama. "Ndiyo haja yetu," alisema. "Tumekuja kukupa hongera, Bwana Sadallah. Mungu awape maelewano." Akampa mkono, naye Sadallah akaushika kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akamlazimisha kunywa kahawa mpaka mwisho.

Njiani mjomba Pazi alivua viatu akavishika mkononi.

"Ulihesabu kwa nini, Mrisho?"

"Kwa kalenda, mjomba."

"Kalenda gani?"

"Ya posta."

Mzee alitaka kumgombeza. Alimtazama usoni, akaona hakuna nafasi ya kugombeza, akamshika mkono kama wanavyoshikwa watoto, wakavuka barabara.

Alhamisi saa nne simu namba saba ililia. Mize aliipokea mwenyewe. Bi. Sihaba alitoka uani bila kuambiwa.

"Mize," alisema Mrisho. Hakuwahi kumwita hivyo, bila Bi. mbele yake.

"Jana nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia mjomba wako akisafisha koo."

"Nilihesabu tarehe kumi na sita."

"Ilikuwa Jumapili, Mrisho. Nilioga, nikavaa, nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa."

"Muhidini kasema Bi. Sihaba alikuja posta. Alimwambia nini?"

"Kwamba umekwenda kwenu kuposa."

"Nilikwenda kuwachukua watu waje wakupose wewe!"

"Sasa najua." Alikuwa akilia, wala hakujificha. "Jana nimejua, na kahawa ya harusi yangu iko motoni."

"Kwa nini hukungoja siku tatu? Tatu tu!"

"Kwa nini hukunitajia? Miezi minne umenieleza nanga, umenieleza dungu, umenieleza kinu. Siku moja hukuweza kunieleza?"

"Niliogopa kuvunja sheria ya Mungu."

"Na mimi niliona haya. Basi tumekaa wote wawili na adabu zetu."

Mrisho aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa kuunganishia simu. "Mpenzi wangu, bado kuna..."

"Usiniite hivyo. Jumapili ningekufa kwa furaha ungeniita hivyo. Leo nina mume."

"Unampenda?"

"Ananiuliza nataka dirisha lipakwe rangi gani. Hajui lolote, hajanikosea lolote. Nikadai talaka kwa shekhe nimwambie nini? Kwamba mume wangu ni mwema ila alijua kuhesabu?"

"Mimi nitafanya nini, Mize?"

"Chomoa waya."

"Weka wewe simu chini."

"Mkono haukubali. Wewe ni kazi yako, Mrisho. Chomoa."

Mrisho alikaa akizisikiliza pumzi za Mize. Nje dirishani watu walikuwa wakigonga kaunta. Gazeti lilikuwa limefika. Akashika waya wa namba saba, akauvuta. Pumzi zikakatika.

Muhidini aliwasomea watu fumbo siku hiyo, akakosea mara tatu. Mrisho hakutoka kwenye ubao. Alikuwa amekwisha kuandika mistari miwili ya barua ya kuomba uhamisho, kokote, hata Songea, wakati kibao cha namba saba, kinachoonyesha kwamba nyumba ile inaita, kilipoanguka. Mkono wake ulikimbilia waya kabla hajafikiri.

"Halo!" alisema. "Halo, ni mimi!"

"Ah, Bwana Mrisho!" Ilikuwa sauti ya Sadallah, amerudi nyumbani kula. "Niunganishie Dar, kwa dada yangu Kariakoo. Bado hajajua kama nimeoa, atanila nyama! Na jana umenifurahisha sana, kijana wangu. Sasa na wewe usikae hivyo, oa."

"Inshallah," alisema Mrisho.

Akaita Dar es Salaam. Kanuni za posta zinamtaka mwunganishaji asitoke kwenye waya mpaka ahakikishe pande zote mbili zinasikika, hivyo alibaki. Alimsikia Sadallah akitoa habari, akamsikia dada mtu akipiga kigelegele, akamsikia akiuliza kama bibi harusi naye ana furaha, na Sadallah akamwita mkewe aje aseme mwenyewe.

"Nina furaha, wifi," ilisema sauti ya Mize.

"Mnasikilizana?" aliuliza Mrisho, kama inavyotakiwa.

"Tunasikilizana," alijibu Mize.